Ukiona Kinundu Kinywani, Usikimbilie Wembe

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwelimishaji wetu wa afya mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa.

     

Kabla sijaanza naomba tufanye zoezi dogo. Halihitaji kalamu wala daftari. Funga mdomo. Peleka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, kisha irudishe nyuma taratibu ukipapasa kaakaa, katikati kabisa. Umemaliza? Sasa shusha ulimi, upapase taya la chini kwa upande wa ndani, kushoto, halafu kulia.

Nawaona wengine mnacheka. Wengine mmenyamaza ghafla. Basi aliyenyamaza ndiye niliyemfuata leo. Usiogope, dada. Usiogope, kaka. Hata mimi ninacho.

YALIYONIPATA

Nilikuwa kidato cha pili, nakaa bweni. Asubuhi moja napiga mswaki, ulimi ukagusa kitu kigumu upande wa ndani wa taya la kushoto. Nikakigusa kwa kidole. Kigumu kama jiwe, hakisogei, hakiumi. Nikapapasa kulia, nikakuta kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Ukubwa wake? Chukua buni moja ya kahawa, ndiyo hiyo.

Nikamwambia rafiki yangu mmoja tu. Nyie mnajua siri ya bweni inavyokaa. Kesho yake bwalo zima lilikuwa na habari. Mmoja akasema nimerogwa. Mwingine akasema ni kansa. Na wale wa meza ya mwisho wakaanza kunong'ona kwamba ni "ule ugonjwa". Nikaanza kula peke yangu, mwishowe nikawa siendi bwaloni kabisa.

Mkoa wetu huu umejua kunong'ona kwa sababu umeumia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa hapa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Bibi na babu zetu walizika watoto wao na kubaki na wajukuu. Tangu hapo mtu akikonda kidogo, au akitokwa na kitu mwilini, watu hupiga hesabu wenyewe na jibu wanalo tayari. Kwa hiyo siwalaumu wenzangu. Lakini nawaambia, hesabu yao haikuwa sahihi.

Likizo ilipofika shangazi yangu akanipeleka kwa bwana mmoja aliyesifika kwa kukata "vinyama vya mdomoni". Shangazi alinipenda, naomba mlielewe hilo. Alitaka nipone kabla watu hawajasema zaidi. Tukakuta wateja wamekaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kuna kisahani, kwenye kisahani kuna wembe. Kijana mmoja wa umri wangu akatoka pale ameshika kitambaa mdomoni. Kitambaa kilikuwa cheupe, nilikiona wakati anaingia. Anatoka, si cheupe tena. Na wembe ni ule ule, umefutwa tu.

Nikamwambia shangazi nakwenda chooni. Nikapita katikati ya migomba, nikatokea barabarani, sikurudi. (Kicheko) Chekeni tu. Sasa hivi na mimi nacheka. Siku ile nilikuwa natetemeka.

Nilikimbilia kwa bibi. Bibi hakupiga kelele. Asubuhi akafunga kanga, tukaenda hospitali. Tabibu wa meno akavaa glavu, akawasha taa, akabonyeza, akauliza: umekigundua lini? Kinaongezeka haraka? Kinauma? Meno yanacheza? Mdomo una ganzi? Akapiga picha ya eksirei. Halafu akaniambia, "Binti, huu ni mfupa wako mwenyewe, umetuna tu. Si kansa, wala hauambukizi."

Kisha akamgeukia bibi. "Mama, na wewe hebu fungua kinywa." Bibi akafungua. Kumbe naye ana chake, katikati ya kaakaa, kikubwa kuliko vyangu! Amekaa nacho miaka yote, anatafunia kahawa, wala hajui kama ni kitu cha kuogopa. Yeye alidhani kila mtu anacho.

KINUNDU HIKI NI NINI?

Madaktari hukiita torasi, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotuna. Ni mfupa wa kawaida uliokua zaidi mahali pamoja, na juu yake umefunikwa na ngozi nyembamba ya kinywa. Huota zaidi sehemu mbili: katikati ya kaakaa, au upande wa ndani wa taya la chini, mara nyingi pande zote mbili, kushoto na kulia. Vingine huota upande wa nje wa ufizi, karibu na shavu.

Kwa kawaida huanza kuonekana wakati wa ujana, umri wenu huu, na huendelea kukua polepole sana kwa miaka. Kile cha kaakaa huonekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Chanzo chake hakiko kimoja. Kwanza kuna urithi: kama bibi au mama anacho, usishangae na wewe ukiwa nacho. Pili kuna nguvu inayolikamua taya kila siku, hasa kwa watu wanaosaga meno usingizini.

Kwa hiyo hakitokani na senene, wala kahawa, wala jicho la jirani. Hakitokani na UKIMWI. Huwezi kukipata kwa kunywa na mwenzako kikombe kimoja.

JE, LAZIMA KIKATWE?

Hapana. Na hili ndilo watu wengi hawalijui. Vinundu vingi vya namna hii havihitaji kitu chochote. Unaishi navyo mpaka uzeeni kama bibi yangu. Daktari hufikiria upasuaji pale tu kinapoleta taabu: kinachubuka kila mara na kuwa kidonda, kinakusanya chakula na kuharibu ufizi, kimekuwa kikubwa mpaka kinazuia ulimi kusema au kumeza vizuri, au mtu ameng'oka meno na anataka meno ya bandia ambayo hayawezi kukaa juu ya nundu.

Mimi niliishi navyo mpaka nilipokuwa chuo kikuu. Kile cha kushoto kikazidi kukua. Ngozi yake ikawa nyembamba, kila nikila mahindi ya kuchoma au mfupa wa samaki ukinigusa, kidonda. Kinapona, kinachubuka tena. Mwisho daktari akasema, "Sasa hiki tukitoe."

SIKU YA UPASUAJI

Nawaeleza hatua kwa hatua, maana kinachomwogopesha mtu zaidi ni kile asichokijua.

Kwanza, maswali. Una sikoseli? Una kisukari, au damu isiyoganda upesi? Una mimba? Unatumia dawa gani? Jibu ukweli mtupu. Daktari haulizi kwa umbeya, anapanga namna ya kukulinda.

Pili, sindano ya ganzi. Hii inauma kidogo, sitawadanganya. Ndani yake mara nyingi kuna dawa ya kubana mishipa ili damu isitoke nyingi. Baada ya dakika chache taya na ulimi vinakufa ganzi, unahisi mdomo mnene kama umevimba, kumbe haujavimba. Unakuwa macho, unasikia watu wanavyozungumza. Ni wachache tu wanaolazwa usingizi, kwa mfano wenye vinundu vikubwa sana.

Tatu, kazi yenyewe. Daktari anapasua ngozi iliyofunika mfupa, anaifungua kama unavyofungua bahasha, na kuifunika pembeni isichanike. Kisha anaukata mfupa kwa mashine inayozunguka huku maji yakimwagika juu yake, kwa sababu mfupa ukipata joto kali unakufa. Kinundu kikubwa hukatwa vipande vipande. Wakati mwingine hutumia patasi ndogo ya hospitali na nyundo. Hapo hausikii maumivu, lakini unasikia mtikisiko na kelele kichwani. Mimi niliwaza fundi seremala. Baada ya hapo analainisha kingo kwa tupa, anasafisha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, anairudisha ngozi mahali pake na kuishona.

Nne, nyumbani. Unang'ata pamba mpaka damu ikatike. Siku ya kwanza husukutui kwa nguvu wala kutema-tema, maana utaling'oa lile donge la damu linaloziba kidonda. Kuanzia kesho yake unasukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Unakula vitu laini: uji uliopoa, ndizi zilizopondwa, supu. Hakuna sigara, hakuna rubisi, hakuna kutafuna kahawa. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi, au huyeyuka zenyewe kama ni za aina hiyo.

Na kile cha kulia? Bado ninacho. Hakinisumbui, daktari akasema tukiache. Hapa ninapozungumza nanyi ulimi unakigusa.

KWA NINI SIYO WEMBE?

Jamani, wembe haukati mfupa. Yule bwana wa kwenye migomba hata angenikata siku nzima, angekata ngozi tu na kuniachia kinundu changu pale pale. Chini ya ulimi pana mishipa mikubwa ya damu, pana neva inayouwezesha ulimi kuhisi na kuonja, pana mirija ya mate. Damu ikivujia humo ndani, ulimi unaweza kuinuliwa juu mpaka ukaziba njia ya hewa. Hata daktari hospitalini anaiogopa hatari hiyo, ndiyo maana anafanya kazi kwenye mwanga, na ana vifaa vya kuzuia damu.

Halafu ule wembe mmoja kwa watu wote. Hapo ndipo unapoweza kupata virusi vya UKIMWI kweli, au homa ya ini aina ya B, au pepopunda. Umekwenda kukimbia mnong'ono wa UKIMWI, ukarudi na UKIMWI wenyewe. Mpaka leo namfikiria yule kijana wa kitambaa. Jina lake sikulijua.

Tabia hii ya kukata kinywa haikuanza leo. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekatwa fizi na kung'olewa vijino visivyoota bado, eti ni "meno ya plastiki". Mtoto anapoteza meno yake ya kweli, na ile homa, ambayo pengine ni malaria, imebaki bila dawa.

UVIMBE UNAOTAKA HARAKA

Sasa msikilize vizuri sana, maana sitaki mtu aondoke hapa akisema, "Dada kasema vinundu vyote ni salama." Sijasema hivyo. Taya lina uvimbe wa aina nyingi.

Kuna hali ambayo mfupa wa kawaida unachukuliwa nafasi na mfupa dhaifu wenye nyuzinyuzi. Huanza utotoni, uso unavimba upande mmoja taratibu. Si kansa. Mara nyingi hupunguza kasi mwili unapomaliza kukua, kwa hiyo daktari anaweza kusubiri, kisha akauchonga mfupa ili uso ulingane.

Kuna ameloblastoma, inayotokana na chembe zinazotengeneza meno. Huanzia ndani ya mfupa, mara nyingi taya la chini huku nyuma kwenye magego, na huwapata sana vijana na watu wazima wa makamo. Kwa kawaida haisambai mwilini, lakini inakula taya. Na kwa kuwa haiumi, watu wanakaa nayo nyumbani miaka. Ikiwahiwa, upasuaji ni mdogo. Ikichelewa, mtu anaweza kukatwa nusu ya taya.

Na kuna ile ya watoto, inayokwenda mbio. Mwaka 1957, hapo jirani zetu Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za mataya. Muda mfupi baadaye akaona mwingine wa namna hiyo. Akaanza kutafuta kwenye kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika juu ya saratani hiyo. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmeona uvimbe huu? Wakagundua unapatikana zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wanasayansi Epstein, Achong na Barr wakakuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu, lakini dawa za saratani huuyeyusha, na watoto wengi wanaowahi hupona. Kisu siyo tiba yake, na wembe ndiyo kabisa.

Basi shika dalili hizi. Nenda hospitali bila kungoja likizo ukiona:

Uvimbe unaokua kwa siku au wiki.
Uvimbe wa upande mmoja unaobadilisha sura.
Meno yanayocheza bila sababu.
Ganzi kwenye mdomo au kidevu.
Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili.
Damu, usaha, homa, au kukonda.
Mabaka ya zambarau kwenye kaakaa.

UENDE WAPI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Muleba tunazo hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mambo makubwa zaidi kuna Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na Muhimbili, Dar es Salaam, ambako madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1979. Ulizia kitengo cha kinywa na meno na siku zake za kliniki kabla hujatoa nauli. Kama una bima, chukua kadi. Ukiambiwa "hiki ni salama", uliza nirudi lini kukitazama tena. Ukiambiwa "tunakata kipande kidogo tukipime maabara", kubali. Ndiyo njia ya kujua kwa uhakika.

MASWALI YA WANAFUNZI

Kikikatwa kinaota tena?
Mara nyingi hakirudi. Kinaweza kuota tena kidogo kidogo kwa miaka mingi, hasa kama mtu anaendelea kusaga meno usingizini.

Mimi ninacho kwenye kaakaa, hakiumi. Nifanye nini?
Ahsante kwa ujasiri wako. Kioneshe kwa tabibu mara moja ili ujue kwa hakika ni nini. Akisema ni mfupa tu, piga mswaki vizuri na uendelee na masomo. Usikichokonoe kwa kucha wala kijiti.

Kitaniharibia sauti? Mimi naimba kwaya.
Kikiwa kidogo, hapana. Endelea kuimba.

Je, mtu akiwa na virusi vya UKIMWI anaweza kupasuliwa?
Ndiyo. Anamweleza daktari, anaendelea na dawa zake, na vifaa hutakaswa kwa kila mgonjwa, awe na virusi au asiwe navyo. Ndiyo tofauti ya hospitali na kisahani cha wembe.

Wazazi wakilazimisha twende kwa mganga?
Swali gumu hilo. Mtafute mtu mzima mmoja anayekusikiliza: bibi, matroni, mwalimu. Mwambie nataka kwanza nipimwe. Mimi nilikimbia kwenye migomba kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu ninavyoogopa. Wewe sema mapema, usije ukakimbia.

Namalizia hapo. Jioni hii bwaloni, ukimwona mwenzako anakula peke yake, chukua sahani yako ukakae naye. Huna haja ya kumuuliza ana nini. Kula tu. Akitaka kusema, atasema.